Bipu Tatu

Mtu akikuambia nyumba ya Illuminée ni chafu, mwambie aje anionyeshe huo uchafu uko wapi. Nyumba yangu ni safi, mtaa mzima wa Nyakabanda unajua. Stoo ndiyo ilikuwa imejaa, na kujaa si uchafu.

Nasema hivi kwa sababu ya Ingrid, binti yangu. Alhamisi ile mchana aliingia stoo amejifunga kitambaa kichwani, akatoka na boksi la kwanza, akalitua uani mbele yangu nilipokuwa nachambua maharage.

"Maman," akasema, "hii yote iko jalala."

"Jalala ni mdomo wako," nikamwambia. "Weka chini polepole."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili tufanye gusaba, ile siku ambayo upande wa kijana unakuja kumwomba binti mbele ya watu, wazee wa pande mbili wanashindana kwa maneno matamu mpaka ng'ombe watajwe na binti atolewe ndani. Kijana anaitwa Ntare, ana kazi ofisini huko Kimihurura, ana adabu, sina neno naye. Mimi nilichotaka ni nafasi ya kuweka kreti za bia na fanta. Bila hivyo mlango wa ile stoo usingefunguliwa na mtu nikiwa hai.

Basi vitu vikatoka. Redio-kaseti isiyo na mlango, niliyorudi nayo kutoka Bujumbura nimeipakata kwenye lori njia nzima. Televisheni ya chogo, nzito kuliko mimi. Deki ya video, ndani yake kanda ya harusi ya watu ambao siku hizi hata hawasalimiani. Simu ya mezani. Kamera ya filamu, na filamu bado imo. Ni picha za nini, hakuna anayekumbuka. Na chaja, jamani, chaja za kila aina, zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Ingrid alinyanyua kimoja kimoja akaniuliza kina kazi gani.

"Kazi yake ni kukaa," nikamjibu.

"Miaka ishirini?"

"Wewe umekaa hapa ishirini na nane, nimekuuliza?"

Akacheka, akarudi ndani. Alipotoka tena nikaona ameshika boksi la viatu lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikamwambia hilo aache. Lakini mtoto wa siku hizi ukimwambia acha, ndiyo umemwambia fungua.

Ndani mlikuwa na leso nyeupe, na ndani ya leso simu moja. Kitochi, zile simu ndogo zenye taa kichwani, ambazo zamani ukiwa nayo ulijiona umefika.

"Boksi zima kwa simu moja?"

"Huo ni ushahidi," nikasema.

Ingrid akaigeuza mkononi. Alijua ushahidi wa nini. Habari hiyo amekua nayo kama watoto wengine wanavyokua na hadithi za sungura. Wewe usiyejua nitakueleza, maana sina cha kuficha. Nilikuwa sina, wacha niseme hivyo.

Nina mdogo wangu mmoja, Viateur. Tumezaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao hata sisi Wakatoliki tulijua kusema inshallah kabla ya kujua kusali rozari. Ni yeye na mimi tu. Mwaka 2008 alikuwa Huye, mji wa kusini, fundi seremala, anakaa na mama yetu ambaye alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mimi nilikuwa hapa Kigali. Salio la simu siku zile lilikuwa ni la kuwekea akiba kama sukari, kwa hiyo tulifanya kama watu wote, tulikuwa tunabipu. Unapiga, ikiita unakata. Tulikuwa na mapatano yetu. Bipu moja, mama kalala vizuri, usiwe na wasiwasi. Bipu mbili, nipigie. Bipu tatu, usiulize, acha kila kitu, njoo. Kila asubuhi Viateur alinibipu mara moja, nami nikaenda kazini nimetulia.

Sasa ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, kila mtu yuko kwenye kazi ya mtaa, maduka yamefungwa, mabasi hayatembei mpaka saa tano. Umeme wa nyumbani ulikuwa umeniishia tangu usiku, kwa hiyo alfajiri nilipeleka simu kwa jirani yangu Mukunde, nikaichomeka pale, nikaenda kuchimba mtaro na wenzangu. Mukunde alikuwa na mimba kubwa, alibaki nyumbani. Niliporudi, jembe mkononi, akaniambia, "Simu yako iliita, nikabonyeza ikanyamaza." Nikafungua orodha ya simu ambazo sikupokea. Jina la mdogo wangu lilikuwa hapo juu, mara moja. Viateur. Nikasema asante Mungu, mama kalala vizuri. Nikaoga, nikapika, nikafua mashuka.

Saa mbili usiku akanipigia kwa simu ya mtu.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwangu, Viateur, una nini?"

Kisha akasema, "Mama amekufa. Amekuulizia mchana kutwa. Nimemwambia uko njiani."

Hakuwa amenipigia mapema kwa sababu, alisema, amenibipu mara tatu tangu asubuhi, na mtu aliyebipiwa mara tatu yuko njiani, hapigiwi tena. Mimi nikasema umebipu mara moja. Yeye akasema tatu. Tulibishana hivyo mpaka kaburini. Na pale, mbele ya padri na majirani wa Huye waliokuwa bado wameshika machepe, nilitoa simu hii hii kwenye mkoba nikamwekea usoni. "Soma! Jina lako liko mara ngapi? Njia ya mwongo fupi." Alisoma. Jina lilikuwa pale mara moja kweli, na watu wakachungulia na wao wakaona. Yeye simu yake ilishaangukia kwenye ndoo ya maji jioni ile ile ya msiba, alikuwa anatumia ya kuazima.

Siku ya kumaliza matanga, ambapo watoto wa marehemu wanakaa pamoja wanakunywa kutoka chombo kimoja ili msiba uondoke nyumbani, mimi sikukaa. Nilichukua basi asubuhi. Simu nikaiweka kwenye leso, nikanunua nyingine na laini nyingine, na toka hapo na Viateur ilikuwa basi. Alihamia Kigali akafungua karakana yake Gisozi, pale Agakiriro kwenye soko la mafundi, anatengeneza vitanda na makabati. Mji mmoja. Mara moja nilimwona sokoni nikageuza uso, nikajifanya nachagua nyanya. Nikazinunua kweli zile nyanya, na zilikuwa zimeoza.

Miaka kumi na saba, na ilinitosha. Ila gusaba ilipokaribia, Ingrid akaanza. Baba yake, Cassien, alifariki, ndugu za baba yake wako mbali. Upande wetu nani atakaa mbele kumtoa binti? Nikamwambia nimeshamkodi mzee mmoja, Bayingana, msemaji hodari, kazi yake ni hiyo, kila Jumamosi anatoa mabinti wa watu. Ingrid akasema hataki kutolewa na mzee wa kukodi kama hema na viti. Anamtaka Tonton Viateur, mjomba wake. Nikasema Tonton Viateur aje kwanza hapa uani, aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Akisema, nitamfulia na koti. Asiposema, Bayingana yupo. Hapo tulikuwa tumefikia, mimi na binti yangu, na tulikuwa hatusogei. Alikuwa ameshaniambia kwamba kama hakuna mjomba, basi hakuna na gusaba, wataenda kuandikishwa ofisini na Ntare wao wawili na kalamu. Nilijifanya sikusikia, lakini nililala nalo lile neno.

Ndiyo maana siku ile ya stoo, Ingrid aliposema "hebu tuiwashe", sikukataa. Nilisema moyoni, vizuri, ajionee mwenyewe, tumalize.

Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nikamwambia achukue ile ya redio yangu ndogo ya jikoni, ni aina ile ile.

"Na laini usiiguse," nikasema. "Hizi ukiweka laini nyingine zinafuta kila kitu. Iache na yake."

Chaja ya pini nene ilipatikana kwenye ule utumbo, baada ya kutukana kidogo. Tukachomeka. Tukakaa tunaitazama, yeye kwenye ndoo iliyofunikwa, mimi na maharage yangu. Ikatetemeka. Mikono miwili ikashikana kwenye kioo. Ikatuuliza leo ni tarehe ngapi, nikamwambia Ingrid asiijibu, haiihusu. Mtandao haikupata, laini yake ilishakufa zamani. Lakini orodha ilikuwapo.

"Tazama," nikasema, na sitadanganya, nilisikia utamu. "Viateur, halafu chini yake Mukunde, halafu yule mwenye duka la vitambaa. Viateur mara ngapi?"

"Moja," akasema Ingrid.

"Sema tena."

"Moja, Maman."

"Haya. Kapange kreti."

Lakini hakuinuka. Kidole gumba chake kilikuwa bado kinatembea kwenye vile vitufe. Nikamuuliza anabonyeza nini tena.

"Natafuta saa. Saa aliyobipu."

Mimi kwenye simu ile nilijua mambo matano: kupiga, kukata, kubipu, kufungua orodha na kuwasha tochi. Kwamba jina lina mlango na unaweza kuingia ndani yake, hilo hakuna aliyeniambia. Ingrid akasoma kimya kimya, midomo inatembea. Kisha akasogeza ile ndoo karibu na mimi, akanishikia simu mbele ya macho.

Saa tatu na dakika nane. Saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na dakika kumi na tatu.

"Hiyo imeharibika," nikasema.

"Maman."

"Imekaa miaka kumi na saba kwenye boksi, unataka iwe na akili?"

Akatoka kwenye jina la Viateur akaingia kwenye la Mukunde. Ndani mna simu moja tu. Akaingia kwa mwenye duka la vitambaa. Ndani mna simu mbili, maana yule mama alikuwa ananisumbua kila siku mara mbili, nakumbuka vizuri, na jina lake nalo limeandikwa mara moja. Simu zile zilikuwa haziandiki jina la mtu tena na tena. Akipiga mara tatu mfululizo linakaa jina moja juu, na hizo tatu zinakaa ndani. Ile idadi ya jumla, kwamba simu tatu hazikupokelewa, ilitokea kwenye kioo wakati ule ule, na Mukunde ndiye aliyeibonyeza ikaondoka, na mimba yake, akidhani ananisaidia.

Ile simu nimeitunza miaka kumi na saba kama hati ya kiwanja. Nimeiapia. Nimeitaja kwenye kitubio kwa padri, nikaomba Mungu amsamehe mdogo wangu uongo wake. Na muda wote huo ilikuwa inasema alichosema yeye.

Niliona aibu. Sitaki kuipamba. Nikatazama maharage nisijue ni mabaya nimetoa au mazuri. Nikamwona mama, amegeuza kichwa upande wa mlango, anaambiwa yuko njiani, yuko njiani, na mimi huku nafua mashuka. Nikalia. Ingrid hakuwahi kuniona nalia, hata kwa baba yake nilijikaza, basi akashikwa na woga akaanza kunipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Acha kunipepea, mimi si mkaa," nikamwambia. "Namba yake bado ni ile?"

"Ile ile. Tarakimu zimeongezeka tu mbele, kama za watu wote." Akasita. "Na yako anayo. Nilimpa mimi, zamani. Alisema hatapiga, ila awe nayo."

Wee! Kumbe nyumbani kwangu mwenyewe nina wapelelezi. Siku nyingine ningemkalia kitako. Siku ile nilichukua simu yangu ya sasa, hii pana inayojua kila kitu, na namba ya Viateur nikaiandika kwa kichwa, bila kutazama popote. Nilikuwa sijaisahau hata tarakimu moja. Kisha nikabaki nimeishika.

"Piga, basi," akasema Ingrid.

Nimpigie nimwambie nini? Halo, ni mimi niliyekuita mwongo mbele ya kaburi la mama? Maneno hayo hayapiti kwenye simu, hata iwe ya bei gani. Salio nilikuwa nalo. Nilichokosa ni mdomo. Ikaita, nikakata. Ikaita tena, nikakata. Mara ya tatu nusura niiache, nikakata.

"Maman, umefanya nini?"

"Rudisha vitu stoo," nikasema. "Au usirudishe. Fanya unavyotaka."

Viateur hakupiga. Dakika kumi, hakupiga. Dakika ishirini, hakupiga. Nikasema moyoni, amefanya vizuri, hata mimi nisingepiga. Mtu utamwaga maji wewe mwenyewe halafu umlaumu nani kwa tope? Nikachukua ungo wangu nikaanza maharage upya kutoka mwanzo. Ingrid alikuwa amekaa katikati ya vile vitu vyake vya jalala, amepakata redio-kaseti.

Kisha tukasikia pikipiki inapanda kilima kwa fujo, inasimama getini, na geti likafunguliwa bila hodi.

Alikuwa Viateur. Ana aproni ya kazi, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, gundi imemkaukia mikononi, mguu mmoja kiatu na mwingine kandambili. Helmeti ya abiria ilikuwa bado kichwani, na nyuma yake yule dereva wa pikipiki anapiga kelele, "Mzee! Kasketi yangu! Mzee!" Hakumsikia. Alikuwa amezeeka mdogo wangu. Alisimama katikati ya uani, anahema, akatutazama mimi na Ingrid mmoja mmoja kama mtu anayehesabu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikasema, "Hakuna."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna, Viateur."

Akakaa pale pale, juu ya televisheni ya chogo. Ingrid akamvua helmeti akaipeleka getini. Nikainuka, maharage yakamwagika yote, nikamletea ile simu, nikamwonyesha. Saa tatu na nane, na kumi, na kumi na tatu. Nilitaka kumweleza habari ya jina na mlango wake, lakini sikufika mbali. Nikasema, "Nimekukosea. Nilikuita mwongo mbele za watu na mwongo hukuwa wewe. Nisamehe, mdogo wangu." Hivyo tu. Nilidhani yatakuwa magumu kuyatamka, na yalikuwa magumu kweli.

Akaitazama simu kidogo akanirudishia.

"Mimi nilijua nimebipu tatu," akasema. "Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni kwamba nilidhani umeziona."

"Umedhani nini?"

"Nilidhani umeziona zote tatu ukakataa kuja. Kwamba ulichoka na mgonjwa. Halafu ukatafuta njia ya kutoka."

Miaka kumi na saba mtu anaamini hivyo juu yangu. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira yangu ambayo huwa haichelewi, sikuiona. Ingrid alikuwa amerudi, amesimama na kikombe cha maji, halafu akaona bora akae nacho tu. Nikakichukua, nikanywa kidogo, nikampa Viateur, akanywa kilichobaki. Hakuna aliyesema neno juu ya matanga, ila sote watatu tulijua kikombe ni kimoja.

"Wiki mbili zijazo unamtoa huyu," nikamwambia. "Vaa viatu viwili."

Akatikisa kichwa, ndiyo. Akajipangusa unga wa mbao usoni kwa ile aproni, akazidi kujipaka.

Kulikuwa na jambo halijaniingia akilini, na mimi jambo lisiponiingia silali. Nikamuuliza. "Viateur. Kama umeamini miaka yote hiyo kwamba mimi niliziona nikakaa, leo nakubipu mimi, mimi huyu, mbona umekuja?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jina lake.

"Zilikuwa tatu, dada," akasema.